Tyubu tupu ndizo zilizoniumbua

Wiki tatu nzima nilitembea kifua mbele. Nipo Uswidi nasoma shahada ya uzamili, mradi wangu ni ugonjwa wa kurithi uitwao APS-1, na kwenye jedwali langu palikuwa na protini moja ambayo kingamwili (protini za damuni ambazo kinga hutumia kushika adui) za karibu wagonjwa wote zilikuwa zimeing'ang'ania. Nikaona nimegundua. Nikapiga simu Tanga.

"Huo ugonjwa ndio upi, mwanangu?" shangazi akauliza.

Nikamwambia hivi: kifuani tuna tezi ya thaimasi, hiyo ndiyo kambi ya jando ya seli za kinga. Kungwi wake ni jeni ya AIRE, iliyopo kwenye kromosomu ya 21. Kazi yake ni kuwaonyesha wari sampuli za protini za mwili mzima, za ini, za kongosho, za ovari, na mwari anayerukia cha nyumbani hatoki kambini. Mtoto akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, kungwi hayupo, na wari wanaoushambulia mwili wao wenyewe wanatoka. Ndipo huja fangasi wa mdomoni wasiokwisha, kalsiamu kushuka, tezi za adrenali zilizo juu ya figo kushambuliwa. Ufini, ambako unajulikana zaidi, anaupata kama mtu 1 kati ya 25,000. Sisi tunatafuta kingamwili zao zinashika protini zipi hasa.

Kazi yenyewe hufanywa kwa faji, virusi wanaokula bakteria. Kila faji amebeba kwenye ganda lake kipande cha protini ya binadamu chenye amino asidi 49, yaani matofali 49 ya protini, na vipande vyote ni zaidi ya laki saba. Unawachanganya na seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, wanazungushwa usiku kucha kwenye baridi ya nyuzi 4, kisha punje za sumaku zinazoa kingamwili pamoja na faji zilizowashika. Unaosha, unaosha tena, waliobaki unawatia kwenye bakteria wa E. coli. Hapo ndipo ninapopapenda: mchuzi uliokuwa mzito kama maji ya mchele unang'aa ghafla, nyuzinyuzi zinaelea, maana bakteria wamepasuka na faji wamezaana. Unarudia mzunguko, halafu unasoma DNA yao kujua nani kabaki.

Mwenzangu wa benchi, kaka mmoja wa Bukavu, alitazama jedwali langu akauliza neno moja tu: "Tyubu tupu zinasema nini?"

Nilikuwa nimeweka mbili tu zisizo na seramu, na sikuwahi kuzifungua kwenye kompyuta. Tukazifungua. Protini yangu ilikuwemo, tele. Faji wake alikuwa ananata kwenye punje zenyewe, kingamwili hazimhusu. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikaanza upya. Kila sahani, yaani kibao cha kupangia sampuli, niliweka tyubu tupu nane, nikaongeza seramu za wachangia damu wenye afya, nikawatawanya wagonjwa sahani nzima badala ya kuwapanga safu za kushoto kama mwanzo. Kipande nilikikubali kikizidi tyubu tupu na watu wenye afya, kikionekana katika marudio yote mawili, na kipande jirani, ambacho sehemu yake inafanana na ya hicho, nacho kikiwa kimepanda. Jedwali likakonda vibaya.

Lakini kilichobaki kilikuwa na maana. Protini iitwayo NLRP5 ilipanda kwa wenye kalsiamu ya chini, jambo lililoripotiwa tangu 2008. Nyingine, KHDC3L, ilipanda kwa wanawake ambao ovari zao ziliacha kazi mapema. Hiyo watafiti wa San Francisco waliitoa 2020. Vyote vya watu, mimi sijagundua chochote, ila mashine yangu ilivipata bila kudokezwa. Nikatengeneza protini nzima za hizo mbili zenye salfa ya mionzi ili zifuatilike, na seramu zilezile zikazivuta.

Kingamwili dhidi ya interferoni alfa, protini ya mwili ya kupambana na virusi, ambazo karibu kila mwenye APS-1 anazo, hazikuonekana sawasawa. Nilikosa usingizi siku mbili kabla sijaelewa: zinashika protini ikiwa imejikunja umbo lake, na kipande cha amino asidi 49 hakijikunji hivyo. Hizo nikazipima kwa njia nyingine.

Jumapili nikampigia shangazi.

"Na ile uliyogundua?"

"Ilikuwa imenata tu, shangazi."

"Aka! Na mimi nimeshawaambia majirani."