The Prisoner: mpangilio wangu wa kuitazama

Ukiipata The Prisoner, tamthilia ya zamani ya televisheni, usiitazame kwa mpangilio uliorushwa ITV kule Uingereza mwaka 1967 na 1968. Sehemu zenyewe ni 17 tu. Ya kwanza, Arrival, haina ubishi: jasusi anajiuzulu, gesi inapenyezwa kwenye tundu la ufunguo nyumbani kwake London, akizinduka yuko Kijijini, mahali pa siri wanakofungiwa watu kama yeye, na anaitwa Namba Sita. Mbili za mwisho nazo ziache zilipo. Ugomvi uko katikati.

Chukua Dance of the Dead. Ilirushwa ya nane, lakini humo Namba Sita anasema kwa kinywa chake kwamba yeye ni mgeni pale. Mgeni gani? Sehemu moja tu nyuma, kwenye Many Happy Returns, alishaunda chelezo, akafika London, akarudishwa! Checkmate, ya tisa, ina kasoro hiyohiyo. Humo watu wamesimama uwanjani badala ya kete za sataranji, naye anafundishwa namna ya kumtambua mfungwa na mlinzi. Hilo ni swali la mtu aliyeshuka juzi.

Shemeji yangu ananibishia kwamba mpangilio uliorushwa ndio halali. Sawa, lakini hizo mbili zilipigwa picha mapema mno, kule Portmeirion, Wales, pamoja na Free for All. Kwa hiyo mimi naanza Arrival, Dance of the Dead, Checkmate, Free for All, ndipo The Chimes of Big Ben. The Schizoid Man itangulie Many Happy Returns, maana kalenda ya ile ni Februari na ya hii ni Machi. Zinazobaki hapo kati panga utakavyo, hazigombani sana.

Do Not Forsake Me Oh My Darling isogeze mbele kabisa, karibu na mwisho. Patrick McGoohan, anayecheza Namba Sita, alikuwa Marekani akicheza filamu ya Ice Station Zebra, basi akili ya Namba Sita ikahamishiwa mwili wa mwigizaji mwingine, Nigel Stock. Mimi hainogi, ila usiiruke.

Halafu Once Upon a Time na Fall Out uzitazame usiku mmoja. Ile ya kwanza ilipigwa zamani ikawekwa kiporo, na waliporudi kupiga ya pili, Leo McKern, anayecheza Namba Mbili, mkuu wa Kijiji, hakuwa tena na zile ndevu. Dawa yao? Wanampaka povu usoni na kumnyoa humohumo kwenye hadithi.