Siku yangu stesheni, treni ikiwepo na isipokuwepo

Saa 11 alfajiri nishafika. Stesheni yetu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni ndogo, iko baada ya Makambako ukianza kushuka kwenda Mlimba, na baridi ya huku sweta mbili hazitoshi. Nafagia, nacheki taa, napiga simu stesheni jirani kuuliza njia ikoje. Kijijini wanasema tunalala tu tukisubiri treni ya abiria. Jamani, reli ni moja, treni ya mzigo ikipanda na nyingine inashuka lazima moja isubiri stesheni ipishe mwenzake, na anayesimamia hapo ni sisi, ukisinzia umeua watu.

Saa 2 mpaka saa 6 ni tiketi, vifurushi na maswali ya nauli.

Mchana akaja mzee wetu mmoja, ujanani alikuwa kibarua wakati TAZARA inajengwa. Nampenda sana huyu mzee. Anakumbuka walivyoanza 1970 na Wachina, mpaka reli ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ili shaba ya Zambia isipite kwa makaburu. Anasema kipande cha Mlimba mpaka Makambako ndo kiliwatoa jasho, milima mitupu, handaki, daraja, handaki tena. Akiongea anaishika ile reli kama anashika ng'ombe wake.

Saa 8 ndo ikaja shughuli. Mama mmoja na magunia sita ya viazi ya kupeleka Ifakara, yote lumbesa, yameshonewa kichwa juu. Nikamwambia mama, hapa tunalipisha kwa kilo, twende kwenye mizani. Akasema mwanangu gunia ni gunia, shambani nimenunua kwa gunia na sokoni nauza kwa gunia, we kilo umezitoa wapi? Tukapima la kwanza, 138, akasema mizani mbovu, akapanda yeye mwenyewe kujipima, akasema ona, mi sina kilo hizo, abiria wakaanza kuchangia, wengine upande wake wengine upande wangu, afu simu inalia treni ya mzigo inakuja nikaacha kila kitu nikatoka na bendera, narudi namkuta kakaa juu ya viazi analia, hela ya ziada hana. Tukafungua magunia yote sita, tukapunguza debe kwa debe, mimi na yeye, tulivyopunguza akawauzia abiria palepale. Mgongo ukaisha kabisa.

Sijui saa ngapi nilikula. Giza lilishaingia nikiwa sijakaa.

Treni ya abiria ikafika usiku, tukapakia haraka haraka, yule mama akanipungia dirishani, shukrani mwanangu, Mungu akuweke. Ikashuka bondeni, taa ya nyuma ikapotea kwenye kona, nikarudi ndani kupiga simu stesheni ya mbele kwamba imetoka.