Mkono wa Ganzi

Hatimaye, Alhamisi iliyopita, lile gego liling'olewa. Kung'olewa kwenyewe hakuna cha kusimulia. Kisa kilianza baadaye, daktari aliponipa bilauri ya maji nisukutue, nami nikaipokea kwa kujiamini kama mtu mwenye midomo yote miwili, maji yakanichuruzika kidevuni hadi kifuani bila mimi kuhisi chochote. Nilicheka. Kwa kuwa nusu ya uso ilikuwa imekufa ganzi, kicheko kilitoka upande mmoja tu, na daktari akadhani ninalia. Nilijitahidi kumweleza, kwa maneno yaliyokuwa yakiteleza yote upande wa kushoto, kwamba nimemkumbuka babu yangu. Akaniuliza kwa upole kama babu naye alikuwa na matatizo ya meno. Ilinibidi niseme kweli, kwamba babu hakuwa na jino hata moja, na hapo nikaacha kujieleza.

Babu aliletwa kwetu baada ya kiharusi, mwaka ule nilipokuwa na miaka 15. Mkono wa kulia ulikuwa umepooza, mguu wa kulia aliuburura, na maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayehesabu fedha asizoziamini. Akili haikuguswa hata kidogo, jambo ambalo watu wazima wa nyumba ile walilisahau kila waliposema naye kwa sauti ya juu. Mimi nilipewa zamu ya alasiri, yaani kukaa naye sebuleni tangu nitokapo shule mpaka mama arudi kutoka kazini, na kwa kuwa hatukuwa na mengi ya kuzungumza, tulitazama kanda ya mjomba.

Kanda ilikuwa hiyo moja tu. Mjomba, aliyekuwa akisoma Uingereza, alikuwa ameirekodi kutoka kwenye televisheni na kutoka kwenye kanda za marafiki zake, akaandika ubavuni kwa wino mzito: VICHEKESHO, USIFUTE. Ndani yake mlikuwa na saa tatu za vichekesho vifupi vya zamani, vya Waingereza na vya Wamarekani, vilivyounganishwa bila mpango wowote, kimoja kikianzia katikati, kingine kikikatizwa na taarifa ya hali ya hewa. Babu hakujua Kiingereza. Kazi yangu, kwa hiyo, ikawa kutafsiri, na sidhani kama nimewahi kufanya kazi nyingine yoyote vibaya kuliko ile.

Tulianza na wale wachekeshaji Waingereza, Ronnie wawili, Barker na Corbett, katika kile kichekesho cha duka la vifaa kilichoonyeshwa na BBC mwaka 1976. Mteja anaingia na kuomba «four candles», mwenye duka anamletea mishumaa minne, mteja anaikataa, kwa sababu alichokitaka ni «fork handles», mipini ya uma. Katika kinywa cha mteja anayemeza herufi h, maneno hayo husikika sawasawa, na kichekesho chote kimejengwa juu ya kutoelewana huko, bidhaa baada ya bidhaa, mpaka mwenye duka anashindwa kuvumilia. Nilimweleza babu kwamba yule ameomba mishumaa, kumbe anataka mipini.

Babu alifikiri. «Kwa nini… asiseme… mipini?»

Nilimwambia kwamba amesema mipini, ila mwenzake amesikia mishumaa. Babu aliitazama skrini, akanitazama mimi, akashauri kwamba mwenye duka apelekwe akapimwe masikio.

Ningekuwa na akili niliyo nayo sasa ningeyaacha maneno ya Waingereza palepale, nikamtungia mteja wa Kiswahili anayeomba kaa wa baharini akaletewa kaa la moto, au anayeulizia paa akaonyeshwa mabati. Lugha yetu haina upungufu wa mitego ya namna hiyo. Lakini nilikuwa na miaka 15, na niliamini kwamba kutafsiri ni kusema kilichosemwa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Barker alikuwa na mazoea ya kuandika vichekesho kwa jina la kubuni, Gerald Wiley, mazoea aliyoyaanza ili maandishi yake yapimwe kwa ubora wake, si kwa heshima ya jina lake. Nilipata nafuu kidogo kujua kwamba hata bingwa kama yule aliogopa kuchekewa kwa adabu.

Mchekeshaji mwingine Mwingereza, John Cleese, na zile hatua zake za ajabu za mwaka 1970, naye alipita bila kuacha alama. Alikuwa amevaa suti na kofia nyeusi ya duara, akirusha miguu yake mirefu huku na huku kuelekea kwenye wizara inayosimamia mitembeo ya kipuuzi. Babu alisema tu kwamba yule bwana ana miguu mizuri. Sikujua nijibu nini.

Kilichofuata baada ya Cleese ndicho nilichokuwa nikikiruka wiki nzima. Kila kilipokaribia nilisogeza kanda mbele kwa kisingizio kwamba hapo imeharibika. Nilikuwa nimekwisha kukitazama peke yangu kabla babu hajaja, na nilijua kilichokuwamo: mchekeshaji Mmarekani Tim Conway, akiigiza daktari wa meno aliyetoka chuoni juzi, anamhudumia mgonjwa wake wa kwanza, mwigizaji mwenzake Harvey Korman, na katika hofu yake anajichoma mwenyewe ile sindano ya ganzi. Mkono unakufa. Kisha anajichoma paja, na mguu nao unakufa. Kwa dakika kadhaa mtu mzima anahangaika na mwili usiomsikia, na ukumbi mzima unacheka mpaka unakosa pumzi. Niambieni ni mjukuu gani angemwekea babu yake kitu kama hicho.

Siku hiyo nilikwenda jikoni kumletea maji, na niliporudi Conway alikuwa tayari anautazama mkono wake.

Nilisimama mlangoni na bilauri mkononi. Mkono ule ulining'inia kutoka begani kama nguo iliyoanikwa, na Conway aliutazama kwa adabu, bila papara, kama mtu anayemtazama mgeni aliyemsahau jina. Babu alikuwa ameinama mbele. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umelazwa juu ya mto mdogo, palepale mama alipoulaza asubuhi, vidole vimejikunja ndani kidogo. Rimoti ilikuwa kwenye kiti cha pembeni, hatua tatu kutoka nilipokuwa, nami sikupiga hata moja. Nilichokuwa nikikihesabu ni muda uliobaki kabla ya mguu. Mguu ukafika. Conway akaanza kuuburura, na mimi, kwa sababu nisiyoijua mpaka leo, niliutazama ule wa babu uliokuwa ndani ya soksi ya kijivu, kana kwamba ungeweza kujitetea.

Kisha babu alitoa sauti. Nilidhani amepaliwa na mate, nikamkimbilia, maji yakamwagika zuliani. Upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa umepanda juu sana na wa kulia umebaki pale pale, machozi yanamtoka katika macho yote mawili, na bega zima linatikisika. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto na kunyoosha kidole, lakini kidole hakikuelekea kwa Conway.

«Yule,» alisema. «Yule… wa kwenye kiti. Anazuia.»

Sikuwa nimemtazama Korman hata siku moja. Mgonjwa anatakiwa awe na maumivu makali na hasira, na Korman anajitahidi awe navyo, lakini midomo ameibana, mabega yanamsaliti, uso anaugeuza huku na huku akitafuta pa kuuficha, na kila anapojificha ndipo watu wa ukumbini wanapozidi. Sababu yake niliijua baadaye. Kipindi cha mchekeshaji Mmarekani Carol Burnett, ambamo kichekesho kile kilitoka, na ambacho kilidumu kwenye televisheni ya CBS kuanzia 1967 hadi 1978, kilirekodiwa mjini Los Angeles mbele ya watazamaji, mara mbili kwa siku moja, na Burnett amesimulia mara nyingi kwamba Conway alikuwa na tabia ya kufanya ile ya kwanza kama ilivyoandikwa, akauweka ushetani wake wote kwa ajili ya ile ya pili. Wenzake hawakujua kinachokuja. Kichekesho cha daktari wa meno ni cha 1969, wakati Conway alikuwa bado mgeni tu wa kipindi, maana alikuja kuwa mwanachama wa kudumu mwaka 1975, na yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba siku hiyo Korman alijikojolea.

Babu hakuyajua hayo, wala hakuhitaji kuyajua, wala hakuhitaji mimi nimtafsirie. Siku hizi kosa kama lile lingekatwa na kupelekwa mwisho wa kipindi pamoja na makosa mengine, likiwa limeshatangazwa kuwa la kuchekesha. Hapa limeachwa katikati ya mchezo, na mtazamaji analigundua mwenyewe. Nadhani hilo ni sehemu kubwa ya sababu ya vichekesho vile kutochakaa, ingawa nimewahi kuwaonyesha watu kile kile, nikiwa nimekaa kando nawasubiri, nao wakaniuliza kwa heshima kama bado ni kirefu.

Mama alirudi tukiwa tunakitazama kwa mara ya tatu. Aliuona ule mkono kwenye skrini, akaniangalia kwa jicho ambalo wasomaji wenye mama wanalijua, akanyoosha mkono azime televisheni.

«Acha, mwanangu,» babu alisema, kwa mkupuo mmoja, bila kukwama.

Mama alisimama na mkoba wake begani. Alitazama kidogo kwa shingo upande. Kisha niliona kitu ambacho nisingekitambua dakika 20 kabla: alibana midomo, akainua macho darini, akageuka haraka kuelekea jikoni. Sijui alifanya nini huko. Bomba lilifunguliwa kwa muda mrefu sana na sikusikia chombo chochote kikioshwa.

Babu aliishi nasi miezi saba mingine, na katika miezi hiyo sehemu ile ya kanda ilichakaa mpaka picha ikawa inaruka na sauti inazama. Nimekitafuta tena kwenye intaneti wiki hii, mdomo wangu ulipopata uhai. Picha ni safi kuliko nilivyowahi kuiona. Korman alifariki mwaka 2008 na Conway mwaka 2019, na bado, kila mtu anapobofya, yule wa kwenye kiti anakaribia kushindwa.

Nilichokwenda kukitafuta, lakini, hakimo. Kuna alasiri moja, majuma kadhaa baada ya ile ya kwanza, ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Televisheni ilikuwa imezimwa na nilikuwa nikiandika kazi ya shule mezani, babu amekaa mbele yangu. Aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua, akauweka ukingoni mwa meza, akauachia. Ukateleza, ukaanguka pajani. Aliutazama kwa adabu, bila papara, kama mgeni aliyemsahau jina, kisha akainua macho akanitazama mimi.

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuucheka mkono wa babu. Tulikuwa tumefundishwa vizuri, na tulikuwa tumejizuia tangu siku alipofika, wote, kila mtu kwenye kiti chake. Nilibana midomo. Niligeuza uso dirishani, nikaukaza mpaka mashavu yakauma, na niliporudisha macho alikuwa bado ananitazama. Labda alidhani nimemkatalia. Labda, kwa kuwa alikuwa amemsoma Korman kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, aliliona bega langu na akaridhika. Hakusema. Aliuokota mkono kwa taratibu zile zile, akaurudisha ukingoni mwa meza, akauachia kwa mara ya pili.