Kilo 17 Kutoka Hanoi Hadi Saigon

Jana jioni, katika uwanja wa ndege wa Tan Son Nhat, Saigon, kusini mwa Vietnam, niliweka shanta langu kwenye mizani, ikasoma kilo 8 na ushei. Wiki tatu kabla, nilipotua Hanoi, kaskazini, shanta hilohilo lilikuwa na kilo 17, na tofauti hiyo inaniudhi hadi sasa, kwa kuwa karibu kila kilo niliyoitupa njiani nilikuwa nimeibeba kwa ushauri wa mtu.

Waliotangulia kufika Vietnam waliniapia kwamba ni nchi ya joto, nami nikajaza kaptura, fulana nyepesi na hema. Hakuna aliyekumbuka kutaja kwamba yeye alikwenda mwezi wa Julai. Hanoi ya Januari ina mawingu mazito na manyunyu yasiyokatika, na usiku wa kwanza nililala na fulana nne, moja juu ya nyingine. Kulipokucha nilinunua koti sokoni kwa dong, yaani fedha ya huko, laki tatu, au pengine nne. Kwa baridi ile ningelipa chochote.

Treni zinazotoka Hanoi kwenda kusini hubeba namba witiri, SE1, SE3 na kuendelea, nami nilichagua behewa la vitanda vigumu, sita katika chumba, vitatu kila upande. Cha juu kabisa ndicho rahisi kwa bei, na sababu niliielewa nilipofika. Kwa kuwa nilikuwa nimejazwa hofu ya wezi, nilikataa kuacha shanta chini. Mara ya kwanza nililisukuma kwa kichwa, likanirudia usoni. Mara ya pili nilipanda nalo mgongoni, likakwama kwenye dari, nami nikabaki naning'inia huku miguu ikitafuta pa kukanyaga juu ya bibi mmoja aliyekuwa akimenya chungwa. Bibi huyo, bila kusema neno, alinivua shanta, akalisukumia chini ya kitanda chake, akalipiga kofi kama mtoto mtundu, kisha akaendelea na chungwa lake. Hadi tulipofika Huế asubuhi hakuna aliyeligusa.

Hema nililiacha Huế, kwa mwenye nyumba ya wageni aliyeniuliza mara mbili kama nina hakika. Kutoka hapo hadi Da Nang reli huambaa na bahari chini ya mlima wa Hai Van, na anayekwenda kusini akae upande wa kushoto. Mimi nilikaa kulia, nikatazama mwamba.

Kosa langu kubwa kuliko yote, hata hivyo, halikuwa na uzito wowote. Noti ya dong 20,000 na ile ya 500,000 zote ni za buluu, zote ni za plastiki, na zote zina sura ya Ho Chi Minh, kiongozi wa zamani wa nchi hiyo. Huko Hoi An nilinunua kahawa, nikatoa noti ya buluu, nikaondoka kwa madaha bila kusubiri chenji, nikijiona mkarimu. Usiku, nilipohesabu fedha, ndipo nilipojua kwamba nimelipa karibu dola 20 za Marekani kwa kikombe kimoja. Nilirudi asubuhi bila matumaini, na kabla sijafungua kinywa muuzaji alitoa noti ile chini ya kopo la sukari, akainyanyua juu ili jirani zake wote waione, wakacheka hadi mimi mwenyewe nikacheka. Tangu siku ile nazigeuza noti nyuma: yenye picha ya daraja lililoezekwa paa ni elfu 20, na daraja lenyewe liko hapohapo Hoi An; yenye nyumba ya makuti ni laki tano, nayo huishi ndani ya soksi yangu.

Viatu vizito viliishia Nha Trang. Koti la Hanoi nimelizungusha Saigon siku nne katika jua kali, nikitokwa na jasho kwa kulibeba tu, na bado limo ndani ya zile kilo 8.