Mashine ya kukunia nazi: wiki ya tano, imekubali

Leo alfajiri, kabla ya adhana, mama amekuna nazi kumi na mbili za vitumbua bila kukalia mbuzi hata mara moja. Kumi na mbili! Mikono yangu bado inanuka nazi.

Fremu, beringi na kichwa cha kukunia sivirudii, vilikaa sawa tangu wiki ya kwanza. Kilichonila wiki nne zilizobaki ni kitu kimoja: mashine ikiwa tupu inazunguka vizuri, ukigusisha nazi inasimama. Mama aliijaribu mara ya kwanza akaniambia, "Mwanangu, hii haina nguvu." Mimi nikang'ang'ania kuwa ni mkanda unateleza. Nikaukaza mpaka beringi zikaanza kulia. Nikanunua mkanda mpya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nikabadilisha puli (gurudumu la mkanda) ya shafti, kutoka inchi 4 kwenda inchi 6, ili ile mota ya mizunguko kama 1,400 kwa dakika ishuke hadi 460 hivi. Ikapata nafuu kidogo, halafu nazi ikikomaa, kimya.

Jumanne usiku ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikachora alama ya chaki kwenye puli zote mbili, nikabana nazi, nikatazama. Mkanda ukiteleza, puli ya mota huendelea kuzunguka na ile kubwa husimama. Zilisimama pamoja! Mkanda haukuwa na kosa lolote. Mota yenyewe ndiyo iliyokuwa dhaifu, na ndiyo maana ilikuwa inachemka baada ya dakika tano.

Mota hii nimeitoa kwenye mashine ya kufulia ya mapipa mawili, iliyokuwa chakavu. Ina koili mbili, na koili ya pili inategemea kapasita, kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, ili kuipa mota msukumo. Kapasita ikichoka, mota bado inazunguka, ila haina kifua. Yangu imeandikwa maikrofaradi 10, ndicho kipimo cha uwezo wake. Nikaipima: 3.8. Wiki nne zangu zote zilikuwa ndani ya kile kikopo!

Kuna fundi aliniambia niweke ya 25 ili ipate nguvu zaidi. Hapana. Kapasita kubwa kupita kipimo inaunguza koili, na mota nzuri ya bure haipatikani kila siku. Nimeweka 10 ileile, ya volti 450. Nazi moja sasa ni chini ya dakika.

Na hapa nasema wazi: mita ya bei ya chini yenye kipimo cha kapasita ina faida kuliko grainda mpya. Yangu niliinunua ya mtumba na imenilipa mara kumi. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, kinyume chake, naiacha kabisa, imeshanilia kona za nati tatu. Seti ya spana za namba, hata ikiwa pungufu, na jiriwa moja imara ya kubania vyuma vinatosha kazi hii yote.

Jumamosi nilipanga kutengeneza kava la mkanda na swichi ya mguu. Kava nimeweka ubao kwa sasa, maana mama havai nguo fupi na sitaki mtandio wake uguse puli. Swichi imesubirishwa, kwa sababu nilipokuwa natafuta nyaya nimeutazama upande wa pili wa ile mashine ya kufulia: pipa la kukaushia. Lina mota yake, linazunguka kwa kasi na kurusha maji nje. Nazi iliyokunwa ikiwekwa humo ndani ya mfuko wa kitambaa, si itakamua tui yenyewe?

Kikapu chake cha plastiki sikitumii, kimenyonya sabuni miaka yote. Nimepata chujio la chuma kisichoshika kutu linaloingia karibu sawasawa, limebaki pengo la kidole kimoja. Kazi ni kulisawazisha, kwa sababu chicha ikilala upande mmoja litatikisika vibaya. Usiku huu nalifunga kwenye shafti, nalijaribu kwanza kwa maji na vitambaa vilivyolowa.