Miezi minne Iquitos: nilivyojiandaa kuingia msituni nikiwa najitolea

Iquitos hufiki kwa gari. Ndio mji mkubwa kuliko yote duniani usiounganishwa kwa barabara na miji mingine. Unaingia kwa ndege au kwa meli ya mtoni. Barabara moja ya maana inayotoka mjini inaishia Nauta, kama kilomita 100 kusini. Nilifika huko Peru mwezi wa pili, kujitolea kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha watoto mtaa wa Belén, upande wa chini karibu na maji. Chumba na chakula cha mchana nilipewa, nauli nilijilipia. Moyoni nilikuwa na langu: mwezi wa sita, muda wangu ukiisha, niingie hifadhi ya Pacaya-Samiria kwa mtumbwi, siku sita. Amazon nimeitamani tangu mwalimu wa jiografia alipotuchorea mto ule ubaoni na matawi yake yote.

Nilipanga nimalize kazi kwanza, maandalizi yafuate. Sikujua kwamba yangeanza asubuhi ya kwanza, nikienda kazini.

Belén ya chini nyumba nyingine zimesimama juu ya nguzo, nyingine zinaelea juu ya magogo na kupanda pamoja na maji. Miezi hiyo mto unafurika, kwa hiyo mitaa inapitwa kwa mitumbwi. Mzee aliyetuvusha kila siku hakunishika mkono hata mara moja. Alinionyesha tu: kanyaga katikati, inama, kaa, ndipo uvute mzigo wako. Wiki ya kwanza nilitumbukia mara mbili, na daftari za wanafunzi nikazianika juani darasani. Kufika mwezi wa nne mzee alikuwa ananiachia kasia la nyuma, yeye anakaa mbele akivuta sigara yake.

Lugha nilifundishwa na watoto. Kihispania cha kitabuni nilikuwa nacho kidogo, lakini mtoni watu wana maneno yao. "Cocha" ni ziwa linalobaki mto ukihama njia yake, "tahuampa" ni msitu uliosimama ndani ya maji, "restinga" ni kile kipande cha ardhi kisichofunikwa na mafuriko. Haya ndiyo maneno ambayo mwongozaji wa msituni atakuambia, na usipoyaelewa hujui usiku huo mtalala wapi. Kila nikimaliza somo la Kiingereza tuligeuza zamu: wao walimu, mimi mwanafunzi. "Profe, hapana! Sema tena!" Nawakumbuka mno wale watoto.

Upande wa afya nilikuwa na kiburi, nakiri. Chanjo ya homa ya manjano nilishachanja zamani, na tangu 2016 cheti chake kinahesabika cha maisha. (Kama hujachanja, fanya angalau siku 10 kabla ya safari.) Malaria je? Mimi niliyeugua malaria utotoni hadi nikasahau idadi? Daktari mmoja pale mjini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza taratibu kwamba malaria ya huko kwa sehemu kubwa ni ya vimelea aina ya vivax, vinavyoweza kujificha kwenye ini na kukurudia miezi baadaye. Tena ile kinga niliyojivunia haikuwahi kuwa kamili, na ukiishi mbali na malaria inapungua. Nikatoka na doksisaiklini: kidonge kimoja kila siku, kuanza siku moja au mbili kabla ya kuingia msituni na kuendelea wiki nne baada ya kutoka. Inaifanya ngozi iungue na jua upesi, kwa hiyo shati la mikono mirefu likawa sare yangu.

Kilichonitesa kweli ni miguu. Mwezi wa tatu nilipata fangasi katikati ya vidole kwa kushinda ndani ya gambuti zilizoingia maji, nikachechemea siku kumi. Mama mwenye nyumba aliponiona akaniambia maneno ambayo hadi leo nayafuata: "Mwanangu, mchana lowa utakavyo. Usiku miguu ilale mikavu." Nikawa naosha miguu, nafuta kidole kimoja kimoja, napaka poda, na soksi za kulalia sizivai kwa jambo lingine lolote.

Wiki mbili kabla ya safari nilimwonyesha mzee begi langu. Nilikuwa nimelipanga vizuri, nimelivika na lile koti la mvua la begi. Mzee akachota ndoo ya maji ya mto, akalimwagia lote, halafu nyingine. Akasema tusubiri saa moja. Tulipofungua, chandarua kinachuruzika, tochi ya kichwani imezima, nguo zote chapachapa. Maji yalikuwa yamepita mgongoni, pale koti lisipofunika. Nilikaribia kulia. Mzee hakucheka. Alileta mifuko minene ya nailoni, akanionyesha namna ya kutoa hewa, kuusokota mdomo wa mfuko, kuukunja shingo na kuufunga kwa mpira. Kila kitu na mfuko wake, kisha vyote ndani ya mfuko mmoja mkubwa. Tukamwagia tena. Mara ya tatu ndipo kila kitu kilitoka kikavu.

Alinifundisha na jambo gumu zaidi: asubuhi unavua nguo kavu za kulalia, unazirudisha mfukoni, unavaa zile zile za jana zilizolowa. Nilijizoeza wiki nzima nikienda kazini. Baridi ya soksi mbichi alfajiri haizoeleki, ila mwili unaacha kubishana nayo.

Na mikono: usiushike mti kabla hujautazama. Kuna michikichi yenye miiba shina zima, na mti wa tangarana ni nyumba ya sisimizi wakali wanaokaa ndani yake.

Tuliondokea Nauta, mimi na mwongozaji aliyekuwa mpwa wa yule mzee. Siku ya pili mvua ilianza saa nne asubuhi na haikukatika hadi jioni. Tulifunga vitanda vya bembea kwenye restinga nyembamba, gambuti nikazipindua juu ya vijiti. Vidole vilikuwa vinatetemeka nilipofungua ule mpira wa nailoni. Shati lilikuwa kavu, na bado linanuka sabuni ya Belén.