Nilivyoumudu msimu wa chewa visiwani Lofoten

Nilikulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako tulivua ndagala usiku kwa taa, kwa hiyo nilipopata kazi katika mashua ndogo visiwani Lofoten, kaskazini mwa Norwei, sikuyahofia mawimbi. Nilihofia vidole vyangu. Kati ya Januari na Aprili, chewa waliokomaa (samaki wa bahari baridi waitwao cod kwa Kiingereza) hutoka Bahari ya Barents na kuja kutaga mayai katika maji ya Vestfjorden, na wavuvi wengi wa huko hutegemea miezi hiyo michache kupata sehemu kubwa ya riziki ya mwaka, baridi iwe kali au isiwe.

Kilichoniwezesha ni sufu. Nilivaa glavu za sufu ndani ya zile za mpira, kwa sababu sufu huhifadhi joto hata ikilowa, na jozi ya pili niliiacha ikikauka karibu na injini.

Mashuani mashine ya kuvulia hushusha mshipi wenye ndoana kadhaa hadi karibu na sakafu ya bahari, huuchezesha juu na chini, kisha huupandisha samaki wanaponasa. Kazi yangu ilikuwa kumnasua chewa, kumwingiza vidole chini ya kifuniko cha shavu, kumkata koo papo hapo na kumtia katika pipa la maji ya bahari yanayotiririka, ili damu imtoke kabla hajapasuliwa. Nahodha, mzee ambaye kwa desturi ya kwao nilipaswa kumwita kwa jina lake tupu (nami nilichelewa kulizoea jambo hilo), alisisitiza kwamba damu ikibaki nyama hugeuka rangi, na mnunuzi huliona hilo mara moja.

Malipo yetu hayakuwa mshahara. Gharama zikishaondolewa, mashua hupata fungu lake na kila baharia lake, utaratibu ambao mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa. Tofauti iko kwenye bei: kwetu mnunuzi huipanga pale ufukweni, ilhali kule bei ya chini kabisa huwekwa na Norges Råfisklag, chama cha mauzo cha wavuvi kilichoanzishwa mwaka 1938, na kwa maoni yangu hilo humsaidia mvuvi mdogo kuliko mashine yoyote.

Fungu langu la kwanza lilinunua koti la mpira, maana lile la kuazima lilikuwa likivuja begani.